Liache Lisimame Lenyewe

Wifi yangu ndiye aliyenipa kwanza habari za fundi wa magurudumu. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba chetu, anasugua kisigino kwa jiwe, na alikuwa anacheka. Ndiyo maana sikumtilia maanani.

"Ana magurudumu ya kila aina, wifi, tena kwa bei ya kutupa. Ila ukilizungusha gurudumu mle ndani, liache lisimame lenyewe. Usilizuie kwa mkono."

"Kwa nini?"

"Wanasema ni ya watu waliotoka kwao wakaishia barabarani. Ukilizuia, safari ya mwenyewe inabaki kwako." Akaona nilivyotoa macho, akapiga makofi. "Jamani! Kaka yangu kaoa sungura!"

Mume wangu alikuwa amelala mkekani, goti limefungwa kitambaa. Naye akacheka. Nami nikacheka, maana mimi nikiona aibu hucheka. Mtoto wetu wa kike, ambaye alikuwa hajaanza kutembea, akacheka kwa sababu sisi tumecheka.

Mume wangu hupeleka vifurushi mjini kwa baiskeli ya resi, ile nyembamba yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Shimo moja lilikuwa limeharibu magurudumu yote mawili. Tajiri wake alimwambia kesho asubuhi awe barabarani, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine. Mapya tuliyaulizia kwenye duka kubwa, tukasikia bei, tukashukuru, tukaondoka. Goti lake lingeweza kuendesha kesho kama lingepumzika leo. Kwa hiyo ilibidi niende mimi, ambaye hata kumwita muuza mboga kwa sauti siwezi.

Alinifundisha pale pale mkekani.

"Usidanganywe na linalong'aa. Lishike kwenye ekseli, kile chuma cha katikati, huku na huku, ulizungushe, utazame ukingo. Likicheza kama mlevi, mrudishie. Binya spoku, zote ziwe zimekaza sawasawa. Halafu pitisha kidole pale breki inapokamata. Ukikuta pamechimbika, ringi imeliwa hiyo, itanipasukia mteremkoni. Likiwa zito kidogo si neno, nitakanyaga zaidi."

Nikakata uzi kwa kipimo cha gurudumu la zamani. Nikambeba mtoto mgongoni, nikakaza mbeleko, nikatoka. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mapaa.

Duka la fundi lilikuwa mwisho wa kichochoro, baada ya mama mmoja mshona nguo. Mama huyo aliponiona ninachungulia, alisimamisha cherehani yake.

"Unakwenda kwa fundi? Mwambie shati lake linazeeka hapa. Tangu mwaka juzi nimelimaliza. Tunatazamana mlango kwa mlango, na kuja kulichukua hawezi! Amekuwa bwana harusi, hatoki nje?"

Nikatabasamu, nikapita.

"Hodi."

"Karibu, dada. Ingia."

Chumba kilikuwa kirefu, chembamba, hakina dirisha. Magurudumu yalining'inia darini, mengi mno, yamebanana kama popo. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya mnyororo na mpira. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine... ya lami iliyonyeshewa. Na mvua haikuwa imenyesha siku nyingi.

Fundi alikuwa mwembamba, mvi zimeanza kumtoka juu ya masikio. Suruali yake aliibana miguuni kwa vibanio, kama mtu aliye tayari kupanda baiskeli. Lakini mle ndani hapakuwa na baiskeli hata moja. Magurudumu tu. Na kitanda, kule mwisho, nyuma ya pazia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ni ya resi?"

Nikampa uzi. Akaupima kwa macho tu, akashusha gurudumu moja linalong'aa, jepesi kama ungo.

"Hili ndilo wanalolipenda vijana."

Nikapitisha kidole. Pamechimbika. Niliona aibu kusema, nikatikisa kichwa. Akashusha la pili. Spoku mbili zilikuwa zimelegea. Nikatikisa kichwa tena. Akanitazama vizuri sasa.

"Umefundishwa."

"Na mume wangu."

"Basi subiri."

Alikwenda kufunga mlango wa bati. "Upepo unayachezea," akasema, ingawa upepo haukuwepo. Kisha akashusha mawili ya rangi ya majivu, hayana urembo wowote. La mbele nililizungusha mwenyewe. Likaenda limenyooka, kimya, na baada ya muda likasimama lenyewe. Nilifurahi. Nikamwona akilini mume wangu akilifunga.

La nyuma hakunipa nilizungushe. Alilizungusha yeye, kwa nguvu. Tik-tik-tik-tik-tik... Akanielekezea ekseli.

"Nishikie kidogo, dada. Nakuja."

Mtu mwingine angesema hapana. Angesema weka chini kwanza, baba. Mimi mtu mzima akiniambia shika, hushika. Nikashika huku na huku. Fundi akaachia mikono yake polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Akarudi nyuma. Akaingia nyuma ya pazia.

Tik-tik-tik-tik-tik.

Nikangoja.

Kwenye bati la mlango kulikuwa na matundu ya misumari, na jua lilipita mle kama vitone vyekundu. Niliyatazama matundu hayo ili nisitazame gurudumu. Tundu la chini likazimika. Likafuata la juu yake. Gurudumu lilikuwa linakwenda vile vile.

"Fundi?"

"Fundi, mtoto atalia."

Nikasema nitageuka, nilisogelee bati, nigonge kwa kiwiko. Nikageuka. Gurudumu halikugeuka. Sijui nieleze vipi. Nililisukuma kushoto, nalo likainuka juu, likaikaza mikono yangu kama mbuzi anayekataa kuvutwa. Nikalisukuma tena. Likaniyumbisha, nikarudi pale pale nilipokuwa nimesimama.

Kuliangusha niliogopa. Lingekimbia sakafuni, nami nilikuwa na ndala tu, na mtoto mgongoni. Na tena... vidole havikutaka kufunguka.

Ndipo upepo ukaja. Haukutoka mlangoni. Ulitoka kwenye spoku. Ulinipiga usoni, baridi, una harufu ile ya lami. Nikasikia miguu yangu inachoka kama ninapanda mlima. Nilikuwa nimesimama, lakini mapaja yaliungua. Mbali, mbele yangu, nilisikia honi ya gari.

Mara moja tu.

Juu ya kichwa changu kitu kikalia. Tik. Gurudumu moja darini lilikuwa limeanza kuzunguka, polepole. Kisha la pili yake. Kisha yote.

"Lizuie tu, dada."

Ilikuwa sauti ya fundi, nyuma ya pazia. Alikuwa ananong'ona.

"Weka kiganja. Litasimama, utakwenda zako nyumbani."

Nikakaza vidole kwenye ekseli.

"Mimi niliweka vidole viwili. Nilikuwa na haraka. Weka tu."

"Halafu?" Sijui sauti ile niliitoa wapi.

Akasema, na nilisikia kuwa analia, "Halafu mimi nitakwenda kuchukua shati langu."

Tundu la mwisho likazimika. Giza lilikuwa giza kweli. Mgongoni, mtoto aliamka. Sikumwona, lakini nilisikia miguu yake mbavuni mwangu. Kulia... kushoto... kulia... kushoto. Haikuwa mateke ya mtoto. Alikuwa anakanyaga pedali.

Hapo ndipo woga wangu ulipogeuka kuwa kitu kingine. Nikasema hata kama mikono itakatika, mtoto huyu hachukuliwi. Mimi shule niliishia ya msingi, lakini kazi moja naijua: kumngoja asiyetaka kulala. Huwezi kumlazimisha. Ukimbana ndiyo anaamka zaidi. Unamtikisa tu, kidogo kidogo, unamwimbia puani, unajifanya huna haraka hata kama chakula kinaungua.

Nikaanza kulitikisa lile gurudumu. Juu kidogo, chini kidogo. Nikaliimbia ule wimbo wangu usio na maneno.

"Umechoka," nikaliambia. "Umetoka mbali. Nyumbani wanajua. Lala."

Tik-tik-tik-tik.

"Hakuna anayekukimbiza. Lala."

Tik-tik... tik...

Miguu ya mtoto ilipunguza mwendo. Upepo ukawa joto. Darini, moja baada ya jingine, magurudumu yakanyamaza. Sikujua nimesimama kwa muda gani. Mabega yalikufa ganzi. Lile mikononi mwangu likaenda mzunguko mmoja mzima, mzito, wa mtu anayesinzia. Likabakiza nusu.

Tik...

Tik...

Na hapo kitu laini kikapita juu ya bega langu, kikigusa shavu langu. Mkono. Mkono mdogo, una mate.

Mtoto wangu aliinama kutoka mgongoni, akaweka kiganja chake kwenye ringi.

Gurudumu lilikuwa limesimama.

Lakini lilisimama kabla hajaligusa, au alipoligusa? Nilikuwa gizani. Nilisikiliza kwa mwili wangu wote, na sikujua.

Taa iliwaka. Fundi alikuwa mbele yangu, macho mekundu. Hakunitazama mimi. Alitazama kile kiganja kidogo.

"Nani amelizuia?"

"Limesimama lenyewe," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa. Wifi yangu asingeamini.

Akaja karibu, akakaza mbeleko yangu iliyokuwa imelegea, taratibu, kama babu yake mtoto. Akafungua mlango. Alisimama kizingitini, akanyoosha mguu mmoja nje, kama anayepima maji. Kisha ule mwingine.

"Makubwa!" nikamsikia mama wa cherehani akipiga kelele. "Leo umetoka! Nani kakufungulia, bwana harusi?"

Alichukua shati, akalivaa pale pale juu ya lile alilovaa. Akaenda zake kichochoroni, bila kugeuka, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayejifunza kutembea. Pesa hakuniuliza. Niliziacha kwenye kitanda chake, nikabeba magurudumu, nikakimbia.

Nyumbani, mume wangu aliyafunga huku amekaa, baiskeli imepinduliwa miguu juu. Aliyazungusha, akapiga mluzi.

"Yamenyooka kama uzi! Mama wee, nani kakuchagulia?"

"Nimechagua mwenyewe."

"Sungura kawa simba," akasema, akanibusu mkono. Mkono ule ulikuwa bado hausikii kitu. Nilitaka kumwambia. Lakini alikuwa na furaha, na goti lilikuwa limeanza kukunjika. Nikaenda kumlaza mtoto.

Nilipofungua mbeleko, kitu kikaanguka sakafuni. Ufunguo. Mkubwa, wa zamani, una mafuta ya mnyororo. Nikakumbuka mikono ya fundi ikikaza fundo langu.

Nikauweka chini ya mkeka, nikajiambia aliusahau.

Mtoto alilala mara moja. Nikakaa kumtazama. Kwanza alitulia. Kisha vidole vya miguu vikajikunja. Kisha miguu ikaanza, chini ya shuka. Kulia... kushoto... kulia... kushoto.

Pembeni, kwenye baiskeli iliyopinduliwa, gurudumu la nyuma likasogea kidogo.

Tik.

Nikaishika miguu yake. Ilikuwa na nguvu kunizidi. Nikamwita sikioni, nikamnyonyesha, nikamwimbia wimbo wangu. Aliendelea kukanyaga, usingizini, jasho linamtoka utosini. Midomo yake ilikuwa mikavu kama ya mtu aliyepigwa na upepo. Nilipomnusa kichwa, ambako kila siku hunuka maziwa, kilinuka lami.

Kulipokucha nilikuwa bado nimekaa. Mume wangu alikuwa anakoroma kwa raha. Baada ya muda mfupi angeamka, aipindue baiskeli, aende kazini, na sisi tungebaki na chakula na nafasi yake. Magurudumu hayakuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimechagua vizuri.

Nikamweka mtoto ubavuni pa baba yake. Nikapiga magoti mbele ya gurudumu la nyuma. Nikalizungusha kwa nguvu zangu zote, mpaka spoku zikapotea, mpaka upepo ukanijia usoni.

Sikungoja lisimame lenyewe. Niliweka kiganja, kizima, nikabana. Kiliungua. Sikukiondoa.

Gurudumu likasimama.

Nikageuka. Chini ya shuka miguu ya mtoto ilikuwa imetulia, mmoja juu ya mwingine, kama inavyolala siku zote. Nikamnusa. Maziwa.

Nikavaa viatu, nikatoa ule ufunguo chini ya mkeka, nikafungua mlango wetu polepole nisiwaamshe, nikaelekea kule kichochoroni, kwenye duka lililobaki bila fundi.