Kivuli cha Mkono Mmoja

Jambo hili lilimpata jirani yetu wa ghorofa ya tatu, Ludovic, dereva wa basi, mtu wa Kibosho, Moshi. Alinisimulia mara moja tu, tena akiwa ameangalia viatu vyake, nami nalitoa kama nilivyolipokea. Asiyetaka kuamini asiamini, ila asije akaniomba nimpige picha mama yake.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa ya mwezi wa saba, hapa Upplands Väsby, Sweden. Masanduku yalikuwa yamepangwa mlangoni, na Asifiwe, mke wa Ludovic, alikuwa akimtafutia mtoto wao Tiana soksi ya pili. Walikuwa wanakwenda Kanada ya magharibi, siku kumi, kuangalia milima na maziwa yake. Mama yake Ludovic, Bibi Aikande, alikaa jikoni akimenya viazi vya kula peke yake, kwa sababu yeye hakuwamo kwenye safari.

Aibu inaanzia hapo, kwa hiyo niiseme mapema. Mama yule aliletwa kutoka Moshi mwezi wa tano. Kabla ya kumleta, Ludovic alisimama mbele ya ukoo mzima, kwenye sherehe ya ubatizo, akatangaza kwamba mwaka huu mama ataiona milima ya Kanada. Wakapiga vigelegele. Mama mwenyewe alisema ana haja moja tu, aone kama theluji ya wenzetu ni nyeupe kama ya kwetu. Lakini goti lake lilikuwa bovu. Alikuwa akitembea hatua kumi anapumzika, na Ludovic kila alipofikiria zile njia za mlimani, na choo cha kila nusu saa, uzito ulimwingia moyoni. Yeye, mkewe na mtoto walikuwa raia wa Sweden, viza haikuwahusu. Mama alihitaji viza. Fomu ilikuwa kwenye kompyuta. Ludovic aliifungua mara tatu na hakuijaza. Akamwambia mama amekataliwa, akamwambia mkewe hivyo hivyo, na ukoo hakuuambia kitu.

"Basi sawa," mama alisema. Ndiyo kauli ya mama yule, hata umkanyage.

Asubuhi ile, kabla ya kutoka, Ludovic alimwomba avae koti lake la baridi asimame kwenye balkoni. Jua lilikuwa kali lakini mama akavaa. Miguuni alikuwa na ndala za bluu. Alishika chuma cha balkoni kwa mkono wa kulia ili goti lipumzike, wa kushoto akauachia tu.

"Picha ya koti ya nini?" aliuliza.

"Ya kumbukumbu, Mama."

"Unanipiga kama ile ya kuweka juu ya jeneza," akasema, akacheka kidogo. Ludovic naye akacheka. Alikuwa ameshajua picha ile itafanya kazi gani.

Ufunguo wa akiba waliuacha kwa Adhiambo, Mkenya wa ghorofa ya chini, muuguzi, awe anamchungulia mama kila atokapo kazini. Simu ya mama ilikuwa kitochi chenye laini ya Tanzania isiyoshika mtandao huku. Kule nyumbani hakuna aliyeweza kumpata ila kwa kupitia Ludovic.

Kanada ilikuwa nzuri, lazima niseme haki. Walikodi gari Calgary wakaelekea milimani. Siku ya tatu walisimama kwenye ziwa Bow, kando ya barabara iendayo Jasper. Maji yalikuwa na rangi ambayo Ludovic alidhani huwa ni ya kalenda tu. Kibao kilieleza kuwa rangi ile inatokana na unga wa mawe unaosagwa na barafu, mwembamba mno, ukishikwa unakuwa kijivu kiganjani. Tiana, miaka sita, alijipaka hadi kwenye viwiko.

Hapo simu ikalia. Ilikuwa Restituta, dada yake Ludovic, kwenye kundi la ukoo: tumeona milima, tumeona Tiana, sasa tunamtaka Mama. Baba mdogo akaongeza kuwa hata yeye anasubiri.

Ludovic akaingia ndani ya gari peke yake. Akamkata mama kutoka kwenye ile picha ya balkoni, kwa kidole, polepole kuzunguka koti, akambandika kwenye mawe ya ziwa karibu na Tiana. Kazi ya dakika tano. Akatuma. Kundi likafurika mikono ya kushukuru na mioyo myekundu. Baba mdogo akaandika sala nzima.

Kisha Restituta akaandika tena. "Mbona Mama hana kivuli?"

Ludovic akaangalia. Kweli, Tiana alikuwa na kivuli, mawe yalikuwa na vivuli, mama alisimama kama aliyening'inizwa. Akaifuta haraka. Akachagua rangi nyeusi, akamchorea mama kivuli kwa kidole. Kichwa, kiwiliwili, mkono wa kulia ulioinuka. Wa kushoto aliusahau, Asifiwe alikuwa akimwita wakale mkate. Akatuma tena, akaandika kuwa ile ya kwanza ilikuwa na hitilafu. Hakuna aliyeuliza zaidi. Alikula mkate ule bila kumwangalia mkewe.

Mchana walifika kwenye barafu kubwa ya Athabasca. Asifiwe aliwapiga picha Ludovic na Tiana, nyuma yao barafu. Walipokuwa wakirudi kwenye gari Tiana akageuka, akapunga mkono kule kulikokuwa na mawe matupu.

"*Farmor fryser*," alisema. Bibi anasikia baridi.

Asifiwe akamwambia Bibi yuko nyumbani. Tiana hakubisha. Aliendelea kupunga mkono mpaka walipomfunga mkanda.

Jioni, kwenye nyumba waliyopanga Jasper, Ludovic alifungua ile picha. Yeye na Tiana wanatabasamu. Nyuma yao, mbali, chini ya barafu, mtu. Koti. Ndala za bluu. Mkono wa kulia umeinuka, vidole vimekunjwa, vimeshika kitu ambacho hakipo. Na chini, kwenye mawe, kivuli cheusi mno kuliko vingine, chenye kingo zilizochanika.

Alidhani mkewe amegundua na anamkomoa. Alipomwonyesha, Asifiwe alikaa kitandani.

Kesho yake alipiga picha tatu. Alikuwa anajipima, kama mtu anayebonyeza jipu. Ya kwanza, penye miti iliyoungua: mama yuko ng'ambo ya barabara. Ya pili, mtoni: yuko kwenye maji, mpaka vifundoni. Ya tatu alimpiga Tiana peke yake, mlangoni. Mama hakuonekana. Ulionekana mkono tu, umetokea pembeni ya picha, umeshika bega la mtoto.

Ludovic akazima simu.

Siku ya tano, asubuhi, simu ya Asifiwe ikalia, Ludovic akaipokea. Ni Adhiambo. Huko Sweden ilikuwa saa kumi jioni.

"Baba Tiana, sijui niseme aje," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemkuta mama amesimama kwa balkoni. Namwita, haitiki. Macho yako wazi. Moyo uko sawa, presha iko sawa. Lakini miguu ni baridi kama imetoka kwa friza, na iko na unga fulani wa kijivu, sijui ameutoa wapi. Nimemlaza. Nimeenda kuchemsha maji, nimerudi, yuko kwa balkoni tena."

Alikuwa anataka kuita ambulensi. Na hapa Ludovic aliponisimulia aliangalia tena viatu vyake, kwa sababu jambo la kwanza lililomjia halikuwa mama. Lilikuwa: watauliza nani amemwacha peke yake. Akamwomba Adhiambo asubiri.

Kulisikika Adhiambo akivuta kiti. "Nitakaa naye," alisema. "Lakini ikifika saa mbili na bado yuko hivi, naita. Utake usitake."

Zilikuwa zimebaki saa nne tu. Asifiwe alikuwa amesikia kila kitu. Akamnyooshea mkono Ludovic ampe ile simu aliyoizima, akaiwasha, akafungua kundi la ukoo, akaiona ile picha ya ziwani na zile sala zote chini yake. Hakupiga kelele, mtoto alikuwa chumba cha pili. Asifiwe ni mtu wa Tukuyu. Mambo ya watu kuchukuliwa na kuwekwa mahali pengine hakuyasoma kitabuni.

"Umemtoa nyumbani kwa mkono wako," alinong'ona. "Mrudishe kwa mdomo wako. Pale pale ulipomweka. Useme yote, na wale uliowadanganya wasikie."

Waliendesha zaidi ya saa mbili bila redio. Ludovic hakuangalia kioo cha nyuma. Tiana alisogea mpaka mwisho wa kiti, akaacha nafasi kando yake.

Ziwa Bow lilikuwa limejaa watalii. Wazee wenye fimbo za kutembelea, wachumba wanapigana picha, mtoto analilia biskuti. Ludovic alitembea mpaka kwenye yale mawe. Akashikilia kitufe cha kurekodi sauti.

"Ndugu zangu," alisema, "Mama hayuko Kanada. Yuko nyumbani kwangu, Sweden. Ile picha nimeitengeneza. Naomba mnisamehe."

Watu wawili waligeuka wakamtazama. Akasema, "Mama, rudi nyumbani," kwa Kiswahili. Halafu akarudia kwa Kikibosho, kama alivyokuwa akimwita utotoni. Upepo ulikatika. Maji yakatulia kabisa.

Asifiwe alikuwa nyuma yake. "Ndiyo yote?"

Kidole bado kilikuwa kwenye kitufe. Simu bado inarekodi. Fomu ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Aliniambia aliisikia ladha yake. Akamfikiria Restituta, akamfikiria baba mdogo, akafikiria jinsi Asifiwe angemtazama kuanzia saa ile mpaka uzeeni. Mtu anaweza kusamehewa picha. Lakini fomu?

"Ndiyo yote," alisema. "Viza ilikataliwa, ningefanyaje?" Akaachia kitufe. Sauti ikaenda.

Tiana alikuwa ukingoni mwa maji. Alisema kwa Kiswidi kwamba Bibi anaondoka sasa. Halafu akainama kutazama mawe, akasema kwamba ile nyeusi yake imekataa, imebaki.

Simu ikalia. Adhiambo alikuwa anacheka na kulia. Mama ameamka. Anataka chai, anauliza nani ameweka sufuria vibaya.

Safari iliyobaki waliimaliza bila kupiga picha hata moja.

Walirudi Väsby asubuhi, jua la mwezi wa saba limejaa balkoni nzima. Mama alikuwa ameketi humo anamenya viazi. Ludovic alisimama mlangoni na begi bado begani. Aliona kivuli cha kiti, kimelala kwenye mbao. Kivuli cha ndoo ya maganda. Vivuli vya vyuma vya balkoni, kimoja kimoja, vimenyooka. Kivuli kile cha kiti hakikuwa na mtu juu yake.

"Mmefika," mama alisema. "Theluji yao ina vumbi. Ya kwetu ni nyeupe zaidi."

Hakuna aliyekuwa amemsimulia. Ludovic akapiga magoti kumwamkia, na hakuweza kuinua macho zaidi ya zile ndala. Katikati ya vidole palikuwa na unga wa kijivu umekauka.

Mama akaacha kumenya. "Ludo," alisema taratibu, kama anayemuuliza mtoto kama amenawa. "Ile fomu, uliijaza?"

Asifiwe alikuwa jikoni, anafungua madirisha. Angesikia. Ludovic aliniambia kwamba ilikuwa rahisi, neno moja tu, na mama alikuwa ameshamsamehe, alilisikia hilo kwenye sauti yake. Alichokuwa anasubiri ni kulisikia.

"Niliijaza, Mama."

Mama alimtazama. Akaangalia chini, kwenye mbao, pale ambapo kivuli chake kingelala. Kisha akachukua kiazi kingine.

"Basi sawa," akasema.

Mwezi wa tisa walimsindikiza mama uwanja wa ndege wa Arlanda. Alikuwa amepungua, si mwili, kitu kingine. Kadiri siku zilivyokwenda, ukimpita sebuleni ulikuwa unaweza kusahau kwamba yumo. Hata milango ya kujifungua yenyewe pale uwanjani haikufunguka mpaka Asifiwe alipomshika mkono.

Siku mbili baadaye, Ludovic akiwa mapumziko nyumbani, simu ikalia. Restituta amepiga picha uani Kibosho, jua la asubuhi. Migomba ina vivuli virefu. Mbwa ana kivuli. Kuku ana kivuli. Mama amesimama katikati, koti lile lile, anatazama moja kwa moja kwenye kamera. Chini ya picha Restituta ameandika mstari mmoja.

"Mbona Mama hana kivuli?"

Ludovic hajaujibu mpaka leo. Aliweka simu mezani akainuka kwenda kufunga mlango wa balkoni, kwa sababu baridi ilikuwa inaingia. Jua lilikuwa linapiga mbao. Hakukuwa na mtu nje, kiti kilishaingizwa ndani. Kwenye mbao kilikuwa kimesimama kivuli cheusi chenye kingo zilizochanika, kichwa, kiwiliwili, mkono wa kulia umeshika chuma.

Mkono wa kushoto haukuwepo.