Abiria Thelathini wa Yeslam

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida, mwaka 1988. Nilikuwa napepeta mchele uani kwangu, Changamwe, mdogo wangu Hafswa, tunayepakana ukuta, alipokuja kuniambia kwamba mumewe anahitaji mkono wangu karakanani. Mkono wangu mimi, Zubeida mpakaji hina, ambaye mumewe huyo hakuwahi kuniita kwa jina. Siku zote nilikuwa "mchora miguu ya watu".

Mumewe, Yeslam, aliwahi kupaka rangi mabehewa ya treni. Alipoacha kazi alirudi nyumbani na brashi mbili, pumu, na majivuno ya kuutosha mtaa mzima. Sasa hoteli moja ya kitalii huko pwani ya kaskazini ilikuwa imemwagizia treni ndogo ya kupamba ukumbi, iwekwe ndani ya sanduku la kioo. Injini, mabehewa matatu, stesheni, na abiria thelathini, kila mmoja mdogo kuliko kidole changu cha mwisho. Ilitakiwa Jumamosi. Ungemsikia anavyozungumza, ungedhani kajenga reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu kwa meno yake.

Karakana ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba, linanuka gundi na tina ya kuyeyushia rangi. Mataruma aliyafanya kwa njiti za kiberiti, reli kwa waya uliogongwa ukalala. Mabehewa aliyapiga msasa mpaka yakateleza. Nilitamani kazi iwe mbaya nipate la kusema. Haikuwa mbaya, na hilo liliniudhi zaidi.

Kazi yangu ilikuwa kuwavisha abiria: kanzu, kofia, leso, buibui. Nilitumia kijiti changu cha hina, maana brashi zake zote zilikuwa nene. Nyuso niliziacha tupu. Sisi sote tulifundishwa chuoni tangu utotoni kwamba mwenye kutengeneza umbo la mwenye roho ataambiwa siku ya kiyama alipulizie roho, na hataweza. Umbo lisilo uso, watu wetu wanalivumilia. Yeslam alilijua hilo kama nilivyolijua mimi.

Jumatano akaja Margret, msimamizi wa hoteli, mwanamke wa bara mwenye haraka zake. Akainama kuwatazama.

"Hawa watu hawana macho," alisema. "Wageni wataogopa. Wawekee sura."

"Bila shaka, madam," Yeslam akajibu, na kiuno kimepinda kwa adabu ambayo mdogo wangu hakuonyeshwa hata siku moja. Margret alipoondoka akanigeukia. "Shemegi, watie mato na midomo."

"Sitii. Nawe usitie, wallahi."

"Wewe mchora miguu wajua nini?"

Akakitwaa kijiti changu, akaketi mwenyewe. Alasiri nzima akawatia macho, kisha midomo. Midomo akaichora wazi, eti wanaimba. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu. Nilisema moyoni, mpumbavu huyu atajibu kiyama chake.

Hatukudhani hesabu ingefanywa mapema.

Alhamisi adhuhuri Hafswa alinipigia kelele kutoka uani kwake. Yeslam alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini. Pumu yake naijua, nimeisikia miaka kumi. Hii haikuwa pumu. Alikuwa anavuta hewa, hewa inaingia, lakini haimfikii. Dawa ya hospitali haikusaidia kitu. Midomo ikaanza kuwa ya zambarau.

Nilikimbilia bandani kuchukua kadibodi ya kumpepea. Abiria walikuwa wamepangwa juu ya ubao, rangi inakauka. Nikapitisha mkono juu yao.

Vuguvugu, kama la pumzi.

Likaja, likaondoka. Likaja tena. Madogo, mengi, chini ya kiganja changu.

Nilichovya kitambaa kwenye tina, nikaanza kuwafuta nyuso. Mmoja. Wa pili. Wa kumi. Nilifuta bila kuwatazama. Nilipomaliza wa thelathini, nilimsikia Yeslam ndani ya nyumba akivuta pumzi moja kubwa, kisha akaomba chai.

Unadhani alinishukuru? Ijumaa, aliporudi kutoka msikitini, aliona nyuso tupu. Nikawaeleza yeye na Hafswa kwa nini nimezifuta, akanipigia makelele mbele ya majirani. "Hasidi mkubwa! Kazi yangu ya mikono! Nalibanwa na moshi wa tina, basi, wewe wanifanyia uchawi!" Mimi, mchawi. Akajifungia bandani, akawachora tena wote, macho na midomo.

Kabla ya magharibi Hafswa alikuwa mlangoni pangu, miguu mitupu.

"Dada, ndoo twende. Amebanwa tena."

"Wafute mwenyewe."

"Siwezi. Nimeingia, wanitazama." Alinishika mkono. "Ndoo, dada. Kwa ajili yangu."

Masikio yangu yalikuwa bado yana lile neno mchawi. Nilimwambia mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, "Nenda kamwambie awapulizie mwenyewe. Si ndiye fundi?" Nikafunga mlango.

Jumamosi asubuhi lori la hoteli lilikuja kuchukua treni. Halijafika barabara kuu, Yeslam alikuwa amekata roho. Hafswa alikaa eda miezi minne na siku kumi, na siku zote hizo hakunitazama usoni.

Eda ilipokwisha nilikwenda hotelini, chupa ya tina nimeificha ndani ya mkoba. Treni ilikuwa ukumbini, kwenye sanduku lake la kioo lililokazwa kwa skrubu pande zote.

"Kioo hiki kinatuchosha," Margret alisema. "Tunapangusa, ukungu unarudi. Uko ndani."

Nikasogea. Madoa thelathini ya ukungu, kila moja dogo kama punje ya mtama, mbele ya kila uso. Yalikuwa yanakua pamoja. Yanafifia pamoja. Nikaweka mdomo karibu na kioo, nikanong'ona, "Yeslam, nisamehe."

Yakakoma. Kioo kikawa safi. Wote walizuia pumzi.

Kisha doa moja likaanza tena, la abiria wa mwisho dirishani. Lilikuja kwa shida, likakatika, likajaribu tena. Miaka kumi nimesikia mtu akipumua hivyo ukutani kwa jirani. Alikuwa yeye, sikukosea.

Nilikuwa nimekwenda kuwafuta. Kumfuta yule kulikuwa kumuua mara ya pili, na kumwacha kulikuwa kumwacha humo amebanwa. Margret aliniuliza kama nataka alete bisibisi afungue sanduku nitazame vizuri. Nilimwambia hapana, nikaomba maji ya kunywa.