Malkia wa Majivu Alikuwa Mezani Kwangu

"Mimi sili! Chakula hiki kimepikwa na Malkia wa Majivu!"

Kijiko kilinidondoka...

Aliyesema ni binti yangu, miaka saba. Aliyeambiwa ni mama mdogo, mke wa marehemu baba yangu, aliyenilea tangu nina miaka tisa, na sasa alikuwa amekuja kututembelea.

Na jina hilo, ndugu zangu, mtoto hakuliokota njiani. Alilitoa kwangu!

Ngoja niwaeleze. Wiki ile nilikuwa namsomea vitabu vya mwandishi wangu kipenzi wa utotoni, vile vya misitu inayotembea na ndege wanaosema. Nakala zangu zile zile. Ukubwani bado niliviona vitamu! Kwenye cha mwisho kuna mama wa kambo, Malkia wa Majivu, anamnyatia binti wa mumewe porini. Mimi kwa ujinga wangu nikaongeza: "Huyu ndiye bibi yako. Nilimwita hivyo utoto wangu wote."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sasa haya!

Mama mdogo hakugomba. Alifunika sufuria, akaenda chumbani, akaanza kukunja nguo zake.

"Unaenda wapi?"

"Kwangu."

"Mama mdogo, ni mtoto tu..."

"Mtoto hana kosa. Kitabu chenyewe hamkukimaliza."

"Tumekimaliza!"

"Kakitazame vizuri."

Nikaenda. Jamani, mimi kazi yangu ni kushona vitabu vilivyochanika maktaba! Mwaka wa kumi na moja huu! Lakini ndiyo kwanza naona: kurasa za mwisho hazikung'oka. Zilikatwa kwa wembe.

Nikarudi nacho chumbani mbio.

"Ulizikata wewe! Mwishoni Malkia anauawa, si ndiyo? Ukaona aibu!"

Alitoa bahasha kwenye begi.

"Nilisikia unamsomea mtoto. Nikaja nazo nikupe. Sasa wewe ni mtu mzima."

Kurasa sita. Nilianza kusoma nimesimama, nikamaliza nimekaa sakafuni...

Malkia hakuwa akimwinda yule binti! Alimfuata njia nzima akimwaga majivu juu ya nyayo zake, ili wawindaji wasimpate. Na aliyemuuza binti kwa wawindaji ni mama yake mzazi.

"Mama yako alikuwa na miezi mitatu kaburini," alisema. "Ulikuwa unalala umekumbatia gauni lake. Ningekuachaje usome hayo?"

"Lakini mimi nilikuchukia!"

"Mimi nilikuwepo, ningejitetea siku moja. Yeye angejiteteaje?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwenye harusi yangu nilimkalisha safu ya nyuma kabisa, na alipiga makofi kuliko wote.

Msomaji wangu, kama kuna mtu ulimhukumu ukiwa mdogo, rudi ukamsome tena kwa akili ya utu uzima. Mimi nakagua vitabu vya watu kila siku, cha kwangu sikukikagua. Naandika haya nikiona haya.

Binti yangu akachungulia mlangoni na sahani mkononi, chakula kimeshaliwa nusu.

"Bibi, kwani mwisho wake ukoje?"

Begi lilikuwa bado wazi kitandani. Nikamwita jina ambalo sikuwahi kumwita.

"Mama... tusomee wewe."

Akasukuma begi pembeni, akakaa.

"Nileteeni miwani yangu."