Fomu ya Bwana Maji

Kila siku shule ilipofungwa, Chiriku alipitia ofisini kwa mama yake. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la kutoa nakala: meza mbili, kabati la chuma, na kalenda ya kampuni ya bima ukutani. Alifanya kazi za shule kwenye meza ndogo, kisha akasubiri mama amalize ili warudi nyumbani pamoja. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa sababu alianza kusema mapema na tangu hapo hakupumzika.

Kwa miaka sita mama alikuwa wakala wa bima za magari. Wateja walikuja mara moja kwa mwaka, wamenuna, wakachukua stika zao wakaenda. Mwaka ule aliamua kupanua kazi. Alitaka kuuza bima ya afya kwa wafanyakazi wa mahali pamoja kama kikundi, mwajiri akichangia nusu na mfanyakazi nusu. Alizunguka miezi minne. Kiwanda cha matofali kilimwambia arudi mwakani. Shule moja ilimkaribisha kiti, ikamsikiliza, ikamsindikiza hadi getini. Mwishowe mwenye karakana ya samani alikubali. Kampuni ya bima ilitoa sharti moja: kati ya wafanyakazi ishirini na sita, wasiopungua ishirini wajiunge kabla ya mwisho wa mwezi.

"Tukiipata karakana hii, wengine watanifungulia mlango," mama alisema. "Tukiikosa, narudi kwenye stika."

Kila mfanyakazi alijaza fomu ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa jina, kazi na familia. Wa pili ulikuwa wa magonjwa. Mama aliwaeleza kwamba katika kikundi mgonjwa hakataliwi, ila anayeficha ugonjwa anaweza kukataliwa siku ya kutibiwa. Akawaahidi: "Ukurasa wa pili nitausoma mimi na kampuni. Bosi hatauona, wala jirani yako wa benchi."

Fomu ishirini na tatu zikafika. Kwa kuwa Chiriku alikuwa na mwandiko mzuri, mama alimpa kazi ya kunakili orodha.

"Jina na kazi tu. Ukurasa wa pili haukuhusu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Alinakili nane vizuri. Ya tisa ilikuwa ya fundi wa kupaka vanishi, mtu mrefu ambaye karakana nzima ilimwita Bwana Maji, kwani wenzake waliponunua soda siku ya mshahara, yeye alikunywa maji. Walimtania kuwa ni bahili. Chiriku alitazama mlangoni, akageuza ukurasa. Palikuwa na neno moja: kisukari.

Kesho yake darasani, rafiki yake wa dawati moja, ambaye mjomba wake alikuwa seremala palepale karakanani, alianza kucheka. "Mjomba anasema Bwana Maji atazikwa na pesa zake."

"Si bahili," Chiriku alimkatiza. "Ana kisukari. Lakini usimwambie mtu."

"Mimi tena! Nimwambie nani?"

Jioni ile rafiki alimwambia mjomba. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumtetea mtu.

Baada ya siku mbili, watu watatu kutoka karakanani waliingia ofisini bila kubisha hodi. Mbele alikuwa mshona makochi, mama mnene mwenye sauti ya mnada.

"Mama Wakala, tumefuata fomu zetu."

"Kuna nini, dada yangu?"

"Leo mwenzetu kaulizwa mbele ya watu wote kama harufu ya vanishi inampandisha sukari. Kaweka brashi chini, kaenda zake. Nani alijua? Fomu ndiyo iliyojua!"

"Sijamwambia mtu. Haki ya Mungu."

"Basi fomu zako zina miguu."

Waliondoka na fomu zao na za wenzao waliowatuma, kumi na moja kwa jumla. Zikabaki kumi na mbili. Mama alikaa akilitazama kabati kama mtu anayetafuta mwizi ndani yake.

Chiriku angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku. Lakini mama alikuwa ameapa mbele ya watu na hakuaminiwa, na kosa halikuwa lake. Msichana alisimama, akayasema yote, tangu ukurasa hadi dawati.

Mama hakupiga kelele. Alizihesabu tena zile fomu kumi na mbili, akazifungia kabatini.

"Kesho tutakwenda wote," alisema. "Utayarudia haya mbele yao."

Kesho yake wafanyakazi walisimamisha misumeno. Bwana Maji alikuwa amerudi kazini, amesimama karibu na kabati lililopakwa nusu. Chiriku alisema: "Baba, ni mimi niliyeifungua fomu yako. Mama alinikataza. Nilimwambia mtu mmoja. Nisamehe."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu."

"Alitosha," Bwana Maji alisema. Watu wawili wakacheka, kisha wakaacha.

Mama naye alisema: "Mtoto ni wangu, na mimi ndiye niliyemwekea fomu mkononi. Ahadi niliyovunja ni yangu. Niambieni mnataka nini."

Walizozana. Mjomba wa yule rafiki aliinamia randa yake. Mwishowe Bwana Maji ndiye aliyeamua.

"Kila mtu aweke ukurasa wake wa pili ndani ya bahasha, aufunge mwenyewe, atie sahihi kwenye kifuniko. Ifunguliwe kwenye kampuni. Wewe, Mama Wakala, usiuone."

"Nisipouona, waliokosea kujaza watarudishiwa fomu, na kazi itachelewa."

"Ichelewe."

Mama alikubali. Siku ya mwisho alikuwa na bahasha ishirini na moja. Watano hawakujiunga, na hakuwabembeleza. Kampuni iliipokea karakana, na mama akaanza kwenda na bahasha zake kila mahali alipotafuta wateja.

Siku ya kugawa kadi, Bwana Maji alipokea yake kwa mkono wa Chiriku. Aliisoma pande zote mbili.

"Bado umenikasirikia, baba?" Chiriku aliuliza.

"Kidogo. Hasira haina haraka." Aliiweka kadi mfukoni. "Sikiliza, binti. Mtu akikuazima jembe, utalitumia na kulirudisha. Akikuazima siri, huna cha kurudisha. Kazi yako ni moja tu, kuilinda, hata siku ambayo kuitoa kungekupatia sifa kwa rafiki yako. Umekosa, lakini umekiri pale ambapo ungeweza kunyamaza. Ndiyo maana nimeitia sahihi bahasha yangu."

Kisha akachukua brashi, akarudi kwenye kazi yake.