Kisikilizio cha Mama na Moyo wa Kishindo

Kila alasiri Mama aliporudi kutoka kazini, mambo yalikwenda kwa utaratibu uleule. Alivua viatu mlangoni, akatundika mkoba wake wa kazi kwenye msumari chumbani kwake, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, na hapo ndipo aliposalimia watu. Binti yake, Masikio, alikuwa na kazi yake, kumwekea maji na kumtengea chai. Kaka alikuwa na yake, kufunga kamba za viatu vya kukimbilia na kumpigia mbwa mluzi. Babu naye, kwenye kiti chake karibu na dirisha, kazi yake ilikuwa kulalamika kwamba chai imechelewa, hata siku ambazo haikuchelewa.

Masikio halikuwa jina lake la shuleni. Babu ndiye aliyempa, kwa sababu hakuna neno lililonong'onwa ndani ya nyumba ile ambalo halikumfikia. Mbwa pia alipewa jina na Babu huyohuyo. Alikuwa mdogo, wa kuenea ndani ya beseni la kufulia, lakini akibweka ungedhani geti limeanguka. Ndiyo maana aliitwa Kishindo.

Mama alikuwa mkunga. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na kitu ambacho Masikio alikitamani kuliko vyote: chombo kidogo cha mti, chembamba katikati, kilichopanuka upande mmoja kama tarumbeta. Mkunga hukiweka juu ya tumbo la mama mjamzito, akaegesha sikio upande wa pili, akausikia moyo wa mtoto. Nyumbani walikiita kisikilizio. Amri kuhusu mkoba ule ilikuwa fupi: usiguswe na mtu yeyote isipokuwa mwenyewe.

Siku moja jirani mwenye mimba alipita kumsalimia Mama, akamwomba amsikilizie mtoto. Mama alipomaliza, alimtazama binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni, shingo imerefuka kwa hamu. Jirani akacheka, akasema, "Mwache naye asikie."

"Bana pumzi," Mama akamwambia. "Na usikishike kwa mkono. Sikio lenyewe ndilo linalokishikilia."

Masikio akainama. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha, kutoka mbali, ikaja: tiku-tiku-tiku-tiku, mbiombio, kama cherehani ya fundi aliyezidiwa na wateja. Akasahau kupumua. Mle ndani alikuwamo mtu ambaye hajapewa jina wala hajaliona jua, na tayari alikuwa kazini. Masikio alipoinua kichwa alishindwa kusema neno, na kwa mtoto aliyekuwa na maneno mengi kama yeye, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Tangu hapo hakutulia. Alitaka kusikia tena. Basi alasiri moja Mama alipokuwa anaoga, Masikio aliingia chumbani kwa kunyata, akafungua mkoba, akatoka na kisikilizio chini ya sketi. Nyuma ya nyumba alijaribu kwanza kusikiliza kifua chake mwenyewe, akagundua kwamba shingo ya binadamu haikuumbwa kwa kazi hiyo. Kaka hakutulia hata kwa kunyolewa nywele. Babu angeuliza maswali. Akabaki Kishindo, aliyelala kivulini, akimtazama kwa jicho moja.

Masikio akakiweka kisikilizio ubavuni mwa mbwa, nyuma ya mguu wa mbele, akaegesha sikio. Alitegemea cherehani. Badala yake alisikia: dufu-fshii, dufu-fshii. Katika kila pigo palikuwa na mvumo, kama maji yanayopenya kwenye bomba lisilofungwa vizuri. Akasogeza kisikilizio, akasikiliza tena. Sauti ilikuwa ileile. Kishindo akakohoa kikohozi chake kikavu, kile ambacho Babu alisema ni mfupa uliomkwama siku nyingi.

Masikio alikifuta kisikilizio kwa ncha ya blauzi, akakirudisha mkobani mbio. Alijua alichosikia hakikuwa sawa. Lakini kusema alichosikia kulikuwa ni kusema pia alisikiaje, na hapo ulimi ukawa mzito. Alikuwa ameweka chombo cha kuwasikilizia watoto wa watu kwenye manyoya ya mbwa. Alimjua Mama. Kwa usafi, Mama hakuwa na mzaha.

Muda si mrefu Kaka akatoka na viatu vyake, akapiga mluzi.

"Leo mwache Kishindo," Masikio akasema. "Ana mwiba mguuni."

Kaka, aliyekuwa akijiandaa kwa mashindano ya mbio za shule na hakupenda kucheleweshwa, alimwacha. Lakini kesho yake aliinua miguu ya mbwa mmoja baada ya mwingine, akaipekua kucha kwa kucha. "Mwiba uko wapi? Au umeota mizizi?"

"Labda umetoka."

"Labda hukuwepo," Kaka akasema. "Kishindo, twende mlimani."

Masikio alisimama getini akiwatazama wakipotea kwenye kona, mrefu mbele, mfupi nyuma, mkia juu.   Akarudi jikoni kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Jua likiwa halijashuka sana, Kaka alirudi akitembea. Alikuwa kifua wazi, maana fulana yake ilikuwa imemfunika Kishindo mikononi mwake. Ulimi wa mbwa ulikuwa umepoteza wekundu wake, na mbavu zilipanda na kushuka kwa haraka ya kutisha.

"Ameanguka tu," Kaka akasema. "Tulikuwa tunapanda, mara akalala chini kama nguo iliyodondoka."

"Ni ule mfupa," Babu akasema, akijikongoja kutoka kitini. "Mnywesheni maziwa uteremke nayo."

"Ni jua," Kaka akasema. "Tummwagie maji."

Mama alitoka chumbani akiwa bado na sare ya kazi. "Mlazeni penye hewa. Msimnyweshe kitu. Tumpeleke kwa daktari wa wanyama, na mtu aniambie vizuri, hali hii imeanza lini?"

Hapo Masikio akahisi moyo wake mwenyewe unagonga hadi kooni. Wote walikuwa wanakisia, na yeye peke yake alikuwa anajua. "Si mfupa, Mama," akasema. "Ni moyo. Unavuma. Nimeusikia jana."

"Umeusikia kwa kitu gani?"

Kaka na Babu wakamgeukia. 

"Kwa kisikilizio chako," Masikio akasema, machozi yakiwa yameshafika kidevuni. "Nilikichukua ulipokuwa unaoga. Na ule mwiba niliutunga."

Mama alimtazama kwa muda. Masikio angependelea achapwe kuliko kutazamwa vile. Kisha Mama akageuka, akaingia chumbani, akarudi na kisikilizio. Akapiga magoti sakafuni, akakiweka ubavuni mwa Kishindo, akainama. Masikio hajasahau picha ile. Mama yake, aliyezoea kusikiliza watu ambao bado hawajazaliwa, alikuwa amefumba macho juu ya kimbwa kilichojaa vumbi, akikisikiliza kwa heshima ileile.

"Kweli unavuma," Mama akasema akinyanyuka. "Kuhusu wewe, tutazungumza. Kwanza twendeni."

Chumba cha daktari wa wanyama kilikuwa kidogo, na harufu ya dawa ilikuwa kali. Daktari, mwanamke mnene aliyekunja mikono ya koti lake hadi juu ya viwiko, alimpa Kishindo hewa ya mtungi, akamchoma sindano, kisha akamsubiri bila kumsumbua. Taratibu pumzi zikapungua kasi, ulimi ukarudia rangi yake. Ndipo daktari akavaa stetoskopu masikioni, akasikiliza pande zote za kifua, akapiga picha ya kifua, akaitundika penye mwanga.

"Moyo una milango ndani yake," akaeleza. "Damu ikipita, mlango unafunga ili isirudi. Mlango mmoja wa huyu bwana umechakaa, haufungi vizuri. Kila pigo, damu kidogo inarudi ilikotoka. Huo mvumo ni sauti ya damu inayorudi. Mbwa wadogo wakizeeka hupatwa sana na hali hii. Nani aliyeusikia kwanza?"

Kaka alimsukuma dada yake mbele. Daktari hakuuliza zaidi. Alimvika stetoskopu, akaweka kidude chake cha duara kifuani mwa Kishindo, pale penye mlango mbovu. Safari hii Masikio alisikia kila kitu kwa ukaribu: dufu-fshii, dufu-fshii. Kisha daktari akahamisha kile kidude cha duara, akakiweka kifuani mwa Masikio mwenyewe.

Dufu-tak. Dufu-tak. Safi, wenye nguvu.

"Huo ni wako," daktari akasema. "Ulianza kabla hujazaliwa na haujawahi kuomba likizo. Ukilala wenyewe upo. Ukigombana na kaka yako upo."

Masikio alikigusa kifua chake. Alikuwa ameishi na kitu hicho miaka yote, na hakuwahi hata kukishukuru.

"Atapona?" Kaka akauliza.

"Mlango hautakuwa mpya tena, sitawadanganya," daktari akasema. "Lakini anaweza kuishi vizuri. Nitampa vidonge vya asubuhi na jioni, visikosekane. Ila vidonge peke yake havitoshi, maana moyo haukai peke yake kwenye mwili. Ni mnene, apungue. Meno yake machafu, na uchafu wa kinywa huweza kuingia kwenye damu, tutayasafisha akipata nguvu. Huu mkanda wa shingo unamkaba anapokohoa, mtafutieni wa kifuani. Atembee taratibu, yeye ndiye apange mwendo. Akilala, mtazame pumzi zake. Zikienda mbio, mleteni. Na asile chakula chenye chumvi."

Wote walimgeukia Babu.

"Mnanitazama mimi kwa nini?" Babu akasema. Kisha akashusha sauti. "Vipande vidogo tu vya nyama. Kutoka kwenye sahani yangu. Ananiangalia kwa macho yale, nifanyeje?"

"Tazama pembeni, Mzee wangu," daktari akasema.

"Na mizizi je? Kuna mzee mwenzangu anauza ya kifua."

"Mzee, kabla ya kumpa chochote, nijulishe mimi kwanza. Kuna vitu vizuri vikiwa peke yake, lakini vikikutana na dawa vinagombana tumboni. Mkinificha, nitakuwa natibu nikiwa nimefumba macho."

Basi nyumba ile ikabadilika kwa ajili ya moyo mmoja mdogo. Masikio alisimamia vidonge. Kaka aliendelea kukimbia mlimani peke yake, lakini akirudi alitembea na Kishindo hadi dukani na kurudi, na mbwa akisimama kunusa ukuta, Kaka alisimama naye bila kulalamika. Babu alijifunza kula akiwa ameugeukia ukuta, na akadai kwamba chakula kina ladha mbaya ukikosa mtazamaji. Tumbo la Kishindo likapungua, kikohozi kikapoa, na asubuhi moja alimbwekea muuza mkaa kwa sauti iliyofanya Babu amwage chai. Hakuna aliyewahi kufurahia chai kumwagika namna ile.

Mazungumzo ambayo Mama aliyaahidi yalikuja jioni moja, vyombo vikiwa vimeshaoshwa. Mama alikaa kitandani kwake, akapigapiga godoro kwa kiganja ili Masikio akae pembeni yake. Mkononi alikuwa na kisikilizio.

"Nilikasirika, na hasira haijaisha yote," akasema. "Hiki kinagusa matumbo ya wanawake wanaoniamini. Asubuhi iliyofuata siku ile nilikwenda kumweleza mkuu wangu kwamba hakifai tena kwa kazi, na kwa nini."

"Ulimwambia ni mimi?"

"Nilimwambia ukweli. Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akanipa kingine, na kuniambia mkoba uwe na kufuli."

Masikio alitazama sakafu. "Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize. Kukichukua kilikuwa kosa. Kosa kubwa zaidi ni kunyamaza siku nzima wakati ulichokijua kingemwepusha na ule mlima. Mungu amekupa masikio makali, hilo halina ubishi. Ila unachokisikia hakimsaidii mtu kikibaki ndani yako. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Siku ile ulisema huku unalia, na ndiyo maana Kishindo yuko hai."

Akamwekea kisikilizio mapajani. "Hiki sasa ni chako na cha mbwa wako. Usikiweke kwa mtu bila kumwomba."

Masikio alikizungusha mikononi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Naomba niusikilize wako?"

Mama alicheka, akalala chali. Masikio akakiweka kisikilizio kifuani mwake, akaegesha sikio, akabana pumzi. Moyo ulikuwa pale, mzito na wa taratibu, haukuwa na haraka ya cherehani wala mvumo wa bomba. Alisikiliza kwa muda mrefu. Ajabu ni kwamba haukuwa mgeni kwake.

"Naujua huu," akasema.

"Lazima uujue," Mama akajibu, mkono wake ukiwa kichwani mwa mtoto. "Ndio uliousikia mwanzo kuliko sauti zote, kabla hata Babu hajakupa jina."

Chini ya kitanda Kishindo alikuwa amelala, na Masikio aliweza kuzisikia pumzi zake, moja baada ya nyingine, taratibu.