Namba za Kumtoa Subiri

Msimu wa kuomba vyuo, duka la kopi pale mtaani huwa halionekani mlango. Huonekana migongo ya watu tu. Siku hiyo fundi wa mapazia alijipenyeza katikati ya migongo hiyo akiwa na michoro ya madirisha ya hoteli, ametumwa na tajiri wake kutoa nakala. Alivaa gauni la kijivu. Nyumbani alikuwa na jingine la kijivu, na tangu mumewe afariki alikuwa akiyapokezanisha hayo mawili. Mtu akidhani ni msiba, sawa. Ukweli ni kwamba kuchagua nguo kulitaka nguvu ambazo hakuwa nazo.

Mwenye duka wateja walimwita Subiri. Kila aliyeulizia kazi yake aliambiwa "subiri kidogo", mpaka watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limenyooshwa kwa pasi, kalamu tatu mfukoni na hata moja haiandiki. Alipokea michoro, akaiweka kwenye mashine, kisha macho yake yakaangukia simu iliyokuwa mkononi mwa mteja.

"Dada, hiyo simu betri imevimba. Itakufia mkononi."

"Mwenye sauti zilizomo alishatangulia," mwanamke akajibu. "Nayo itamfuata tu."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Wawili watatu kwenye foleni wakatazama chini. Subiri akaacha mashine ijiendeshe yenyewe, akauliza taratibu sauti za nani. Mwanamke akamweleza bila kupamba. Mumewe alikuwa hapendi kuandika, kwa hiyo kila siku alimtumia ujumbe wa sauti. Zote zimo humo na kwingine hazipo. Mama mkwe wake hajawahi kuzisikia, na yeye mwenyewe hajathubutu tangu mazishi.

Subiri akamwambia zisiachwe zife na simu. Ipo akaunti ya mtandaoni, mtu anapata barua pepe na mahali pa kuhifadhi vitu vyake. Vinapanda vinakaa kwenye wingu, hata simu ikioza. Tena ni bure.

"Cha bure hakikosi ila," mwanamke akasema, lakini akakaa.

Alikalishwa kwenye kiti cha Subiri mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea msimu wa vyuo, na foleni ikanung'unika. Kompyuta ikaanza maswali yake. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Ilipofika kwenye neno la siri, mwanamke alimwambia Subiri aandike lolote.

"Neno la siri la mtu haliandikwi na mtu mwingine."

"Basi andika lako."

Akaandika Subirikidogo na tarakimu moja mwishoni, maana ndilo lililomjia, na kompyuta ikalisifu kuwa ni imara. Kisha ikataka namba ya simu ya kupokelea tarakimu za kuthibitisha. Laini ya mwanamke ilikuwa kwenye simu ndogo ya vitufe aliyoiacha kazini, chini ya cherehani. Foleni inasukumana, mtu mmoja anapiga kaunta kwa funguo. Subiri akaweka namba yake mwenyewe, ya leo tu, watabadilisha. Kosa lilifanyika hapo, na lilifanyika kwa nia njema, kama makosa mengi.

Sauti zilipanda moja moja. Mwanamke alizitazama zikipanda kama anayetazama mizigo ya watu wengine. Jioni ile ile simu ilizimika, haikuwaka tena.

Subiri alimpigia kwanza kwenye ile simu ya vitufe, namba aliyomwachia, kwa ajili ya kubadilisha namba. Mara ya pili akasahau kuitaja. Baada ya hapo akawa anapiga bila sababu, saa za kazi, wakati cherehani zinanguruma.

"Fundi, dirisha langu liko uchi. Majirani wananiona nikila."

"Zima taa."

"Nitakulaje gizani?"

"Mkono wako haujui njia ya mdomoni?"

Subiri alicheka mpaka akapaliwa. Mwanamke hakucheka, ila hakukata simu pia. Alienda kupima dirisha, akamshonea pazia, wakaanza kutembea pamoja Jumamosi baada ya kazi. Miezi ikaenda. Ikawa laazizi, ikawa kipenzi changu, ikawa umekula nini leo. Mwanamke alijibu "mm". Hakumchukia mwanamume yule. Alijua ni mwema. Alimshika mkono na kuhisi uzito wake na joto lake, basi, hakuna kilichoingia ndani. Usiku alilala vizuri, na hilo ndilo lililomtisha, maana alidhani mtu aliyempenda mumewe kama yeye asingelala vizuri.

Mara moja Subiri alianza kusema, "Ile akaunti yako..." Akamkatisha palepale.

"Usimtaje."

Subiri hakulirudia tena.

Siku moja, kwenye benchi nje ya karakana ya mapazia, mwanamume akasema alichokuwa nacho moyoni. "Nataka nikuoe."

"Nipe muda. Moyo wangu umekufa ganzi."

"Kwani mimi naitwa nani?"

Nusura atabasamu. Nusura tu.

Aliishi na mama mkwe wake, mwanamke mwenye ulimi mkali na magoti mabovu. Mchana wa Jumapili mama huyo alisema anataka kumsikia mwanawe. "Ulisema yuko kwenye wingu. Hilo wingu likinyesha je?" Alitania, lakini macho yalikuwa yamejaa. Basi mkwewe akatoa simu kubwa mpya aliyoinunua mwezi huo, akaandika lile neno la siri, akaingia kwa mara ya kwanza tangu siku ya duka.

Kabla hajafika kwenye sauti alikuta barua. Akaunti yako imefunguliwa kwenye kompyuta. Kama si wewe, badilisha neno la siri. Ya mwezi uliopita. Nyingine ya mwezi wa nyuma yake. Nyingine tena. Kompyuta ilikuwa moja, na aliijua, maana aliwahi kukalia kiti chake.

Akampigia palepale. "Umekuwa ukiingia kwenye akaunti yangu?"

"Nimeingia, ndiyo, lakini..."

Alikata. Alimwambia mama mkwe mtandao unasumbua. Wiki hiyo Subiri alipiga, hakupokelewa. Alikuja mpaka karakana, akasimama mlangoni na shati lake lililonyooshwa, na mwanamke akavuta pazia la sampuli likafunika mlango wote. Mafundi wenzake waliguna. Yeye aliendelea kushona. Mtu aliyemwita laazizi alikuwa anakaa dukani kwake kumsikiliza marehemu, sauti ambazo mkewe mwenyewe hajathubutu kuzisikiliza tangu mazishi. Alilijua jambo hilo kuwa baya, kama mtu ajuavyo kwamba moto unaunguza, lakini hata hasira ilikuja ikiwa vuguvugu.

Jumapili iliyofuata mama mkwe aliuliza tena kama mtandao umepona. Mwanamke akaketi kando yake, akaamua kumtoa Subiri kwanza. Akabonyeza badilisha neno la siri. Akaunti ikamjibu kwamba tarakimu za kuthibitisha zimetumwa kwenye namba yake. Namba yenyewe ilikuwa ya Subiri.

Akaitazama kwa muda. Kufuli ni lake, ufunguo uko kwa anayefungiwa nje. Akachukua simu ya vitufe, akapiga, akaweka kipaza sauti ili mikono iwe huru.

"Zimefika?" akauliza, bila salamu.

"Zimefika. Unataka kunitoa?"

"Ndiyo."

Alingoja abembeleze. Subiri hakubembeleza. Alisoma tarakimu moja moja, polepole, akirudia kila moja kama anavyowasomea wateja wazee. Mwanamke akaandika. Akaweka neno jipya, na safari hii alilichagua mwenyewe. Akaweka namba ya simu ya vitufe. Kioo kikamwambia vifaa vingine vyote vimeondolewa.

"Nimekutoa."

"Vizuri. Sasa nisikilize kidogo kisha ukate. Ya bure wasipoona mtu anaingia, wanaifuta na vilivyomo. Onyo lilikuja kwangu, siyo kwako. Nilijaribu kukuambia, ukasema nisimtaje. Nikawa nafungua mlango na kuufunga. Sikugusa kitu. Kuanzia leo ukumbuke kuingia mwenyewe."

Mwanamke alikuwa ameshafika kwenye sauti. Zilijipanga kutoka juu mpaka chini, na kando ya kila moja palikuwa na neno dogo: haijafunguliwa. Akashusha kwa kidole. Haijafunguliwa. Haijafunguliwa. Mpaka ya mwisho.

"Haya, kwaheri, fundi," Subiri akasema.

"Usikate."

Akagusa ya kwanza.

"We mke wangu," sauti ikasema, katikati ya honi na kelele za watu. "Nimefika kazini, nimevua kiatu, nakuta nimevaa soksi zako. Zile za maua. Bosi ameziona. Usimwambie mama, atanicheka mwaka mzima."

Mama mkwe alitoa kicheko kimoja, kikakatikia katikati, akajifunika uso kwa kanga. Mwanamke alihisi kitu kifuani, kama mguu uliokaliwa damu inapoanza kurudi: kwanza muwasho, kisha sindano, kisha maumivu hasa. Machozi yalitoka na hayakuuliza. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto, na katikati ya kilio akajua kwamba anampenda mwanamume aliye kwenye simu, na kwamba hilo nalo linauma.

Kwenye kipaza sauti kulisikika mtu akivuta kamasi.

Mama mkwe akashusha kanga. "Nani huyo analia na sisi?"

"Ndiye aliyemtunza mwanao asifutwe, mama." Akajifuta pua kwa mkono wa gauni. "Anataka kunioa. Na mimi namtaka."

Mama mzee alimtazama mkwewe, akaitazama ile simu kubwa yenye sauti ya mwanawe, kisha ile ndogo. Halafu akainama juu ya simu ya vitufe, akasema kwa nguvu, kama watu wa rika lake wasemavyo na mtu wa mbali:

"Wewe! Njoo nyumbani tuongee. Na uvae soksi zako mwenyewe."