Gogo Lililochoma Mbuzi wa Propela

Nina miaka sitini na nane, mjane wa Endarasha. Kila nikisikia lori likipanda mlima kwa gia ya kwanza, mkono wangu hushuka wenyewe miguuni kutafuta kitu... Wajukuu hudhani ni uzee. Wasomaji wenzangu, si uzee!

Miaka ya sabini ilikuwa ikielekea ukingoni. Mume wangu, Wachira, aliendesha lori la kaka yake mkubwa, Muriuki, nami nilinunua viazi kwa wakulima nikavipeleka soko la Nyeri. Taniboi, yule msaidizi wa dereva, hatukuwa naye. Taniboi nilikuwa mimi! Lori likizimika mlimani, niliruka na gogo la mutamaiyu, ule mti mgumu wa huku kwetu, nikaliweka nyuma ya gurudumu lisirudi. Wachira alilichonga mwenyewe na lilikaa miguuni pangu. Watu walinicheka sana, lakini gogo lile lilikuwa limetushika mara nyingi.

Taabu yetu ilikuwa propela, kile chuma kirefu chini ya gari kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Muriuki alipenda kupakia kupita kiasi, na kila akipakia hivyo, ilikatika. Tunakwama Naro Moru, viazi vinapigwa jua, wateja wananunua kwingine.

Siku moja Muriuki akarudi kutoka Nairobi na propela nyingine. Haikuwa ya lori lile kabisa! Ilikuwa nene kama paja, imetengenezwa kwa ajili ya malori ya mawe. Wachira aliitazama ikifungwa. Jioni aliniambia kwamba ile ya zamani ilikuwa ikikatika yenyewe ili vyuma vingine vipone. Sasa uzito wote ungeangukia nini? Tena handbreki ya lori lile ilishika propela, haikushika magurudumu. Alimweleza kaka yake, akaambiwa aache uoga.

Muriuki akachinja mbuzi wa kusherehekea. Kuni zilipopungua, aliingia kwenye kebini akatoka na gogo langu.

“Wachira, bibi yako ameruka kwa barabara vya kutosha,” alisema. “Na hii propela, atakaa tu kwa gari kama memsahibu.”

Akalitupa motoni. Watu wakapiga makofi. Mume wangu aliinamisha kichwa, maana ungembishiaje mkubwa wako mbele ya wazee, nyama yake ikiwa mdomoni? Mutamaiyu huwaka polepole na kunukia vizuri. Nilikula mbavu zile zilizoiva kwa gogo langu...

Wachira alisema angechonga lingine Jumapili. Lakini wiki hiyo hiyo Muriuki aliongeza magunia mpaka lori likainama. Propela haikulalamika. Kilicholalamika kilikuwa huko nyuma chini, sauti kama ya mtu anayetafuna mahindi makavu. Kila siku ilizidi kidogo. Wachira, mtu wa mizaha, akawa anaendesha sikio likiwa dirishani.

Jumamosi ilitukuta kwenye mlima wa mwisho kabla ya kuingia Nyeri. Nikasikia kishindo kimoja, kisha injini ikavuma bure. Ekseli, chuma kinachopokea nguvu ya propela na kuzungusha gurudumu, ilikuwa imekatika! Wachira alikanyaga breki, mzigo ukaishinda. Akavuta handbreki kwa mikono miwili, ikashika propela ambayo haikufika tena kwenye magurudumu. Lori likaanza kurudi nyuma, polepole...

“Mama Wanjiru, ruka. Weka gogo,” aliniambia.

Hata yeye alikuwa amesahau kwamba lilichomwa! Mkono wangu ulishuka miguuni ukashika hewa. Niliruka hivyo hivyo, nikatafuta jiwe barabarani, nikapata kokoto tu. Nyuma yetu wanawake walikuwa wakipanda mlima na kabeji mgongoni. Wachira angeweza kuruka pia. Hakuruka! Alikata usukani, akalipeleka lori bondeni, mbali nao.

Mnajua kilichoniua mimi ni nini? Siku ya mazishi ya Wachira, Muriuki alisimama kanisani, akasema ndugu yake alisahau kuvuta handbreki. Aliyasema hayo akinitazama machoni.

Lori lilipovutwa kutoka bondeni nilienda kuliona. Handbreki ilikuwa juu, vile mume wangu alivyoiacha. Chini ilikuwa imeing'ang'ania ile propela mpya, nayo ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Nilimwita Muriuki aje aone. Alikuja, akachuchumaa, akaiangalia. Kisha akawaambia mafundi waifungue aifunge kwenye lori lake lingine.

Enyi wenye malori, nawasihi! Ukiongeza chuma kimoja nguvu, jiulize ni kipi sasa kitakachokatika, na nani amekaa juu yake. Na nyinyi wake wa madereva, msiache mtu awaonee haya kwa kazi inayowalinda.

Langoni kwangu, kando ya barabara, kuna rundo la magogo ninayochonga kwa matawi makavu. Dereva yeyote asimame achukue moja, sitaki shilingi yake. Nataka tu aniambie mkewe anaitwa nani kabla ya kuondoka.